ANAYEUGUZA NAYE HUUGUA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo nataka tuzungumze juu ya kitanda kimoja ambacho wengi wetu hukipita bila kukitazama. Ni kitanda cha yule mke ambaye mumewe ni mgonjwa wa miaka, ama cha yule mume ambaye mkewe hawezi tena kuinuka. Simsemi mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa tunamjua, tunamwombea na tunamchangia. Ninamsema yule anayelala kando yake, au tuseme ukweli, yule asiyelala.

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna mahali pazuri pa kuanzia, napo ni kwenye sarufi. Mwalimu akitufundisha kauli ya kutendesha huandika ubaoni: kula, kulisha, kulala, kulaza, kupona, kuponya, kuugua, kuuguza. Sasa tazameni vizuri. Kulisha ni kumfanya mtu ale. Kulaza ni kumfanya mtu alale. Kuponya ni kumfanya mtu apone. Je, kuuguza ni kumfanya mtu augue? La hasha! Sote twajua kwamba kuuguza ni kumtunza mgonjwa. Lakini mwenzetu mmoja aliuliza darasani, "Sasa hapo ni nani anayefanywa augue?" na darasa zima likaangua kicheko. Mimi naona swali lake lilikuwa na jibu. Maoni yangu ni kwamba katika nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, aghalabu wagonjwa huwa wawili. Huyu wa pili hana kadi ya hospitali, hana daktari, na hakuna anayemjulia hali.

Hebu tuanze na desturi yetu ya kutembelea wagonjwa. Hapa Kerugoya, na naamini ni hivyo pia huko Karatina, Nyeri na Embu, mtu akiugua watu huja. Hilo ni jambo la kujivunia. Akina mama wa kanisa huja Jumamosi na vitambaa vyao kichwani, wamebeba maziwa, mkate, sukari na unga wa uji. Wanachama wa kikundi huja Jumapili baada ya ibada. Majirani huja jioni. Kila mmoja akiingia huenda moja kwa moja hadi kitandani na kuuliza, "Mzee, unaendeleaje?" Wataomba, wataimba, watampa moyo. Na mama mwenye nyumba yuko wapi wakati huo wote? Yuko jikoni anapuliza moto! Wageni ishirini wanataka chai. Ndoo ya maji imeisha, na vikombe havitoshi, itabidi akaazime kwa jirani. Wageni wakishaondoka wanasema njiani, "Huyo mama amejikaza kweli, Mungu ambariki." Yeye anabaki na vikombe ishirini vya kuosha, na mgonjwa anataka kugeuzwa. Jamani, huko ni kumsaidia au kumwongezea kazi?

Labda wengine mtasema kwamba kazi ya kumtunza mgonjwa si ngumu, ni kumpa tu chakula na dawa. Mtu asemaye hivyo hajawahi kuifanya. Chukua mfano wa mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Huyo hawezi kujigeuza. Wauguzi hufundishwa kwamba mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asije akatokwa na vidonda vya mgongoni na makalioni kwa kulala upande mmoja. Sasa piga hesabu. Tangu saa tatu za usiku hadi saa kumi na moja za alfajiri, mwuguzaji ataamka mara nne au tano. Huko hospitalini muuguzi wa zamu ya usiku akishamaliza hutoka, huenda kwake akalala, na mwingine huchukua nafasi yake. Nyumbani hakuna zamu. Kukikucha ni mama yule yule anayekamua ng'ombe, anayekoroga uji, anayemwosha mgonjwa na kubadilisha shuka. Tena ni yeye yule anayefunga kikapu mgongoni aende kuchuma majani ya chai, kwa sababu gari la kubeba chai halimngoji mtu.

Mfano ninaoujua vyema ni wa nyanya yangu, ambaye sisi humwita cucu. Yeye na guka wanaishi upande wa juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, na shamba lao ni la chai. Guka alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kuume ukafa ganzi, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja cucu alimtunza karibu peke yake. Ukimwuliza habari zake, jibu lilikuwa moja tu: "Mimi niko sawa, shida ni mzee." Cucu mwenyewe alikuwa na presha tangu zamani. Dawa zake zilipoisha hakwenda kuchukua nyingine. Kwenda kliniki ni kupanda boda boda, kisha matatu, kisha kukaa kwenye foleni hadi adhuhuri. Nani angebaki na guka? Na nauli ikipatikana, si heri inunue dawa za mgonjwa?

Siku moja mhudumu wa afya wa kijiji alipitia pale kumpima guka. Alikuwa na ile mashine ya kupimia presha wanayobeba kwenye mfuko. Guka akapimwa, akawa hana neno. Yule mhudumu alipokuwa akifunga mfuko wake akasema, "Mama, hebu lete na wewe mkono." Cucu akakataa, akasema ana kazi. Alipokubali mwishowe, mashine ilisoma 190 kwa 110. Yule aliyelala kitandani alikuwa na presha nzuri, na yule aliyekuwa akikimbia huku na huku na sufuria mkononi ndiye aliyekuwa karibu kuanguka. Cucu alilazwa siku kadhaa. Ndipo nyumba nzima ikajua uzito wa kazi yake. Hakuna aliyejua dawa ya guka ya asubuhi ni ipi na ya jioni ni ipi. Hakuna aliyejua namna ya kumgeuza bila kumwumiza bega. Shangazi alitoka Thika, mjomba akatoka Mwea, na wote wawili, watu wazima wenye nguvu zao, walichoka kabla ya siku ya tatu.

Kutokana na hayo nasema kwamba kuitunza afya ya mwuguzaji si anasa. Ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa. Nguzo ikianguka, paa halibaki juu.

Wenye elimu ya utabibu wamelichunguza jambo hili, na matokeo yao si ya kupuuzwa. Mwaka wa 1995, huko Ohio nchini Marekani, watafiti waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao ambao hawakuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo sana mkononi, kisha kikaangaliwa mpaka kipone. Vidonda vya wale waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa siku tisa hivi kuliko vya wenzao. Siku tisa, kwa kidonda kilicho kidogo kama tundu la kifungo! Kama ngozi yenyewe hukosa nguvu ya kujifunga, sembuse moyo na mishipa?

Mwaka wa 1999, watafiti wawili wa chuo kikuu cha Pittsburgh walitoa matokeo mengine. Walikuwa wamewafuatilia kwa muda wa miaka minne wazee wa umri wa miaka 66 hadi 96 walioishi na wenzi wao. Waliokuwa wakiwatunza wenzi wagonjwa huku wakielemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wazee ambao hawakuwa na mgonjwa wa kumtunza. Lakini kuna upande mwingine wa habari hiyo ambao naomba msomaji autie akilini. Wale waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba upendo hauui, wala kumtunza mwenzako si sumu. Kinachoua ni kuachiwa mzigo wote peke yako. Na hilo ni jambo ambalo jamaa na majirani wanaweza kulibadilisha.

Tena mwaka wa 2006 ulichapishwa uchunguzi mkubwa zaidi wa jozi za waume na wake wazee, jumla yao zaidi ya nusu milioni, huko huko Marekani. Ilionekana kwamba mmoja akilazwa hospitalini, hatari ya kufa kwa mwenzake hupanda pia, na kwamba si magonjwa yote yaliyo sawa. Maradhi yanayomlemaza mtu au kumharibia akili, kama vile kiharusi na kupoteza kumbukumbu, yaliwadhuru wenzi kuliko saratani ya utumbo mpana. Nami naona sababu yake ni wazi. Ugonjwa unaomwondolea mtu uwezo wa kujilisha, kutembea na hata kumtambua mkewe ndio unaomfunga mwenzake mchana na usiku.

Mwili huharibikaje? Nieleze kwa lugha rahisi tuliyofundishwa kwenye somo la Bayolojia. Mtu akiwa na hofu au mashaka, mwili hutoa homoni za kumwandaa apigane au akimbie. Moyo hudunda kwa kasi, presha hupanda na sukari huongezeka kwenye damu. Simba akishaondoka, mambo hurudi kama yalivyokuwa. Lakini mwuguzaji simba wake haondoki. Yuko pale chumbani kila siku, mwaka baada ya mwaka. Homoni zile zikikaa mwilini muda mrefu hudhoofisha kinga ya mwili, nayo presha husahau kushuka. Ongeza hapo kukosa usingizi, kula mabaki ya chakula cha mgonjwa ukiwa umesimama, na mgongo unaouma kwa kumwinua mtu mzima mara kumi kwa siku. Kuna na huzuni, ile huzuni ya kumlilia mtu ambaye bado yu hai. Huyo uliyezungumza naye kwa miaka arobaini leo hawezi kukujibu. Wengi hupatwa na ugonjwa wa kushuka moyo, na sisi husema, "Siku hizi mama nanii amekuwa mkali," kumbe ni mgonjwa.

Wala nisije nikawasahau wanaume. Katika sehemu zetu hizi kuna waume wanaowauguza wake zao wenye saratani au maradhi ya figo, na hao hali yao ni ngumu kwa njia ya namna yake. Mwanamke akilemewa angalau atamwambia dada yake au mwenzake wa kikundi. Mwanamume ataambiwa na nani alie? Amelelewa akiambiwa kwamba jikoni si mahali pake. Sasa ni lazima apike, amwoshe mkewe, afue nguo zake, na bado awaone wenzake sokoni na kusema, "Tuko salama." Mke akiwa anasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, ni safari ya hospitali mara mbili kwa wiki, na kila mara ni saa nne hivi kwenye mashine. Huyo mume ataajiriwa na nani? Mwanamume wa namna hiyo akipotelea kwenye pombe, sisi humcheka. Hatuulizi alianza lini kunywa.

Nchi yetu ilikwisha kupewa funzo hili kwa njia chungu. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea, vitanda vya hospitali vilijaa na wagonjwa wengi wakarudishwa nyumbani watunzwe na jamaa zao. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba mwaka wa 1999, lakini dawa za kupunguza makali yake zilikuja kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka wa 2006. Katika miaka hiyo ya katikati, ni nani waliokuwa wakiuguza? Mara nyingi ni wake, tena wengi wao wakiwa na virusi hivyo hivyo mwilini. Walimwosha mume, wakamzika, kisha wakalala kwenye kitanda kile kile bila mtu wa kuwaosha isipokuwa watoto wao. Wazazi wetu wanayakumbuka hayo. Mbona basi leo, ugonjwa ukiwa ni kiharusi, sukari au saratani, tunarudia desturi ile ile ya kumwachia mmoja kila kitu?

Najua kuna watakaonipinga. Wapo watakaosema kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Mume ni wake, mke ni wake, na waliapa mbele ya kasisi kwamba watakuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Methali hiyo ni nzuri nami siipingi. Lakini hata hao wahenga waliosema hivyo walimjua ng'ombe. Ng'ombe aliyenyimwa majani na maji huanguka akiwa na nundu yake. Na tena ni wahenga hao hao waliosema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuona mzigo mwepesi ukiwa kichwani pa mtu mwingine. Kuhusu kiapo, walioapa ni wawili, hiyo ni kweli, lakini kanisa lilikuwa limejaa mashahidi waliopiga makofi na kula wali. Shahidi wa arusi hawezi kuwa mgeni siku ya shida.

Wengine watasema kwamba habari hii ya kumhurumia mwuguzaji ni mawazo ya Kizungu, na kwamba mababu zetu waliuguzana bila makelele. Hapo napinga waziwazi. Mababu zetu hawakuuguza kila mtu peke yake. Kulikuwa na ngwatio, yaani kazi ya pamoja, ambapo leo watu hulima kwa huyu na kesho kwa yule. Boma lilikuwa na shangazi, wake wenza, wakaza wana na wajukuu. Kilichobadilika ni boma lenyewe. Watoto wako Nairobi, wako Mombasa, na wengine wako ng'ambo. Hutuma pesa kwa simu, na ni vizuri, lakini pesa za simu hazimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Kwa hivyo anayedai kwamba kuuguza peke yako ndiyo mila yetu hajaijua mila.

Sheria zetu nazo bado zinamwona mtu mmoja tu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa akiugua yeye mwenyewe, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua na wiki mbili kwa baba wa mtoto. Likizo ya kumwuguza mume au mke haimo. Mfanyakazi ambaye mkewe amepooza itabidi azile siku zake 21 za mapumziko wodini, na zikiisha abaki na huruma ya mkuu wake. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024, huilipa hospitali kwa matibabu ya mgonjwa. Yule aliyelala kwenye kiti cha wodi wiki mbili hayumo katika hesabu. Mpango wa Inua Jamii huwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, na pia nyumba zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Ni msaada, lakini fedha hizo zikigawanywa kwa siku 30 ni kama shilingi 67. Hazitoshi nauli ya boda boda.

Tufanye nini basi? Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, haya ndiyo mapendekezo yangu.

Kwanza, mwuguzaji apimwe kila mgonjwa anapopimwa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mifuko yenye mashine za presha na za sukari. Mashine tayari iko mlangoni! Kinachohitajika ni amri moja tu kwamba ukiingia nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, usitoke kabla hujapima mkono wa pili. Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, hospitali zisimruhusu mgonjwa aliyepooza aende nyumbani kabla jamaa zake hawajafundishwa. Wengi huumia migongo kwa sababu hawajui kwamba unapomwinua mtu hukunji mgongo bali magoti, na kwamba shuka iliyokunjwa ikiwekwa chini ya mgonjwa watu wawili wanaweza kumsogeza bila kumbeba. Tena wasifundishe mtu mmoja. Wafundishe watatu, ili pawe na zamu. Kwa wagonjwa wa saratani na maradhi mengine mazito, ziko hospisi, kama ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka wa 1990, na ile ya Nyeri, ambayo kwetu sisi ni karibu. Kazi yao ni kupunguza maumivu ya mgonjwa na kuwashika mkono jamaa zake pia. Wengi hawazijui, ama huogopa wakidhani kwamba ni mahali pa kwenda kufia.

Tatu, tubadilishe namna yetu ya kutembelea. Ukienda kumwona mgonjwa, usikae ukingojea chai. Beba chai yako kwenye thamosi. Wanane kati yenu wakiwa wanaomba, wawili wawe wanachota maji na kupasua kuni. Vikundi vyetu vina daftari la michango, basi viwe pia na daftari la zamu: Jumanne ni huyu, Alhamisi ni yule, saa tatu tu, mama akalale au aende kliniki yake. Saa tatu za usingizi zinaweza kumfaa kuliko mkate na sukari.

Nne, watoto walio mbali wagawane kazi na si pesa peke yake. Kama mmekuwa watano, kila mmoja akija nyumbani wikendi moja, mama atapumzika wikendi tano. Na msiwe mnapiga simu mkiuliza tu, "Baba amekunywa dawa?" Ulizeni pia, "Na wewe mama, umekunywa zako?"

Tano, na hili ni letu sisi wanafunzi. Likizo zikifika, wengi wetu hukimbilia mjini. Kijana wa miaka kumi na saba ana nguvu za kumwinua babu yake, ana macho ya kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa, na ana miguu ya kwenda kituo cha chai. Wavulana, msiseme kwamba kumwosha mgonjwa ni kazi ya wasichana. Mgonjwa hajali mkono ni wa nani, mradi una maji ya moto na huruma.

Na ninyi mnaouguza, kama gazeti hili la chama litafika mikononi mwenu kupitia kwa watoto wenu, nina neno moja kwenu. Kusema "nimechoka" si kumlaani mgonjwa. Kwenda kujipimia presha si kumtoroka. Kumwachia jirani kitanda kwa saa moja ukaota jua nje si dhambi. Mwenzako anakuhitaji mwaka huu, na mwaka ujao, na ule mwingine. Utafikaje huko kama hujitunzi?

Wasomaji wapendwa, wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Nami naongezea kwamba haumwuguzi mtu mzima pia. Jumapili hii mkienda kumjulia mtu hali, mkishamsalimu aliye kitandani, geukeni mkamwulize na yule aliyesimama mlangoni na kitambaa begani, "Na wewe, uko vipi?" Akisema yuko sawa, msimwamini upesi. Mchukulieni ndoo.

Mwanachama, Kidato cha Nne